Nilichokiona Nikikuosha

Rehema, shoga yangu,

Naandika hapa hapa mezani kwetu, Mtaa wa Kongo. Ni Ijumaa, wanaume wamekwenda msikitini na mtaa umetulia kidogo. Nimegeuza boksi la mitandio nikalifanya dawati. Ungeniona ungecheka, maana unajua mimi na kalamu tuliachana darasa la saba. Lakini haya maneno siwezi kuyasema kwa sauti hapa Kariakoo, na wewe ndiye unayestahili kuyasikia kutoka kwangu kabla hayajakufikia kwa njia nyingine.

Nimetoa siri yako. Ile niliyoiona siku nilipokuosha. Nimeisema Jumapili iliyopita, sebuleni kwa mama yako, mbele ya ndugu zako. Basi, nimeshaandika. Sasa nivumilie nikueleze ilivyokuwa, halafu uamue mwenyewe huko uliko kama mimi bado ni shoga yako.

Siku ile presha ilipokuangusha, asubuhi tulikuwa tunabishana kuhusu mtandio wa kijani upangwe wapi. Adhuhuri haijaingia nikaitwa nije kukuosha. Miaka kumi na miwili nimeosha wanawake wa mtaa wetu chini ya Bi Zaituni. Nimeosha vikongwe, nimeosha vichanga, sijawahi kusita. Tulivuta mapazia, tukakufunika kanga kama inavyotakiwa, nikapitisha kitambaa chini ya kanga, na kwenye mkono wako mkono wangu ukasimama. Makovu, Rehema. Mengi, na kwa mpangilio ambao ajali haiwezi kuupanga. Nikahamia mkono wa pili, nako yapo.

Nikamtazama Bi Zaituni. Alikuwa ameyaona kabla yangu. Akaendelea kumimina maji taratibu, akaniambia bila kuninyanyulia macho, "Tatu, kilichopo hapa kinazikwa hapa." Nikajibu, "Naam, bibi." Ndiyo ahadi yetu sisi waosha. Ukitoka nje ya pazia unasema marehemu alikuwa na uso wa nuru, au unanyamaza. Nikatoka nikasema ulikuwa na uso wa nuru, na kwa kweli ulikuwa nao.

Lakini we acha tu. Miaka kumi na tisa tumekaa meza moja, na mikono yako sikuwahi kuiona. Joto la Januari, lami inanata kwenye ndala, mimi napepea na kipande cha boksi, wewe umevaa gauni na chini yake ile mikono ya kitambaa cha kuvuta tunayouza, myeusi, mpaka viganjani. Mimi nikawa nakutumia kama tangazo. Nawaambia wateja, "Muoneni mwenzangu, huyu biashara yake anaivaa mwenyewe, huyu ni mwanamke wa dini." Na wewe unatabasamu, unawafungia bidhaa. Nilijiona nina rafiki mcha Mungu nikajivuna. Kumbe nilikuwa sijui ninachokisifia.

Na kuna siku moja hainipi usingizi. Unaikumbuka, najua. Yule binti wa kazi wa duka la vyombo, alipogundulika kwamba anajiumiza mwenyewe mikononi, mtaa mzima ukajaa pale kama kuna mnada. Mimi nilisema nini? Nilisema, kwa sauti, si unanijua mdomo wangu, "Huyo anatafuta kuonekana. Wamrudishe kwao kabla hajawaharibia watoto." Wakacheka. Nikaona nimeongea la maana nikaongeza jingine. Wewe hukucheka. Ulisema, "Labda anaumwa, Tatu." Nikakujibu, "Anaumwa ujinga." Ukavuta mikono ya gauni lako mpaka kwenye vidole, ukasimama ukasema neno lako lile lile, "Twende tukazunguke."

Binti wa watu alipandishwa basi kesho yake. Sijui yuko wapi. Jina lake lilikuwa Pendo, na nilikumbuka jina lake siku nilipokuwa na kitambaa mkononi, wewe umelala mbele yangu. Nilikuambia usoni kwako kwamba unaumwa ujinga, Rehema. Miaka yote ile ulikaa pembeni yangu ukijua nikikujua nitasema nini. Hilo naomba radhi leo, na nitaliomba kila siku.

Ningekaa na siri hiyo mpaka na mimi nioshwe. Nilishajipanga hivyo. Kilichonitoa ni mwanao.

Baada ya arobaini, Salma alianza kuja mezani akitoka shule. Alikuwa hasemi. Anakaa kwenye kigoda chako, anapanga mitandio kwa rangi kama ulivyomfundisha, anaondoka. Baba yake kule Mwanza alipiga simu mara mbili akaona amemaliza kazi. Siku moja Salma akaniambia, "Ma'mdogo, naomba ile mikono ya mama iliyobaki." Moyo wangu ukafurahi. Nikasema alhamdulillahi, mtoto ameshika njia ya mama yake. Nikamchagulia mwenyewe, jozi tatu, nyeusi, zile za kitambaa kizito. Nikamwambia, "Sasa umekuwa binti wa mtu."

Mimi ndiye niliyempa, unanielewa? Ukimtoa Bi Zaituni, mtu pekee mtaani aliyewahi kuona chini ya mikono ile kulikuwa na nini ni mimi, na ni mimi niliyemvalisha mwanao nikamsifia. Macho yangu yalikuwa wapi, sijui. Tumezoea. Mtoto wa kike akijifunika hatuulizi kitu, tunashukuru.

Miezi miwili baadaye mwalimu wa malezi shuleni akamwita mama yako. Salma alizimia kwenye mazoezi ya viungo, wakamvua ile mikono apate hewa, wakaona. Mwalimu alisema kwa upole kwamba mtoto ana majonzi, apelekwe kliniki akaongee na mtu anayejua. Ule upole haukufika nyumbani. Kilichofika nyumbani ni aibu. Mama yako, Bi Mkubwa wetu, akamfungia chumbani, akaita ndugu, na kaka yako Kassim ndiye aliyekuja na jibu. Akasema ni shetani, mtoto amerithi shetani wa msiba, yuko mtu anamjua nje ya mji anayewatoa. Nikauliza anawatoaje. Akasema wanafungwa miguu, wanachapwa mpaka yule shetani ataje jina. Shule itasubiri. Wataondoka naye Jumatatu.

Nikamwangalia Kassim. Unajua amekuwaje tangu ufe? Anaanza kunywa asubuhi kule Buguruni, anarudi na kiatu kimoja, na mara mbili tumemwokota kando ya barabara. Na sisi sote, na mimi nikiwemo, tunasema "mwacheni, anapunguza mawazo, amempoteza dada yake." Tunamletea mpaka supu. Na mimi mwenyewe tangu uondoke nakula udongo, ule wanaouza kwa wajawazito, na mimi sina mimba wala matarajio. Nakula mpaka daktari ameniambia damu imepungua. Unadhani kuna aliyeniambia nina shetani? Wenzangu wananitafutia ule mzuri kutoka sokoni, wananiletea kwenye kifuko. Mtoto wa miaka kumi na sita amezika mama yake, maumivu yamemzidi, yeye ndiye tunamfunga miguu.

Ijumaa hiyo nikaenda kwa Bi Zaituni. Nilitaka ruhusa, sikufichi. Nikamwambia, "Shikamoo bibi. Nimekuja kwa ajili ya Rehema." Akaitikia marahaba na uso ukakunjamana papo hapo. Nikamweleza habari za mtoto. Nikamwambia kama ndugu wangejua kwamba mama yake naye alikuwa na jambo hilo hilo, na akaishi, akazaa, akafanya biashara, akapendwa, labda wangeacha habari za mashetani. Akanisikiliza mpaka mwisho huku anachambua mchele. Halafu akasema, "Mimi sikuona kitu. Na wewe hukuona kitu. Ukisema, usije tena kwenye pazia langu."

Nikamwuliza, "Na mtoto?" Akasema, "Mtoto ana watu wake." Nikaondoka bila kuaga vizuri.

Jumamosi sikufungua meza. Nilikaa kitandani na mtandio wako wa kijani mapajani, natafuna udongo, najibishana na wewe. Nikisema, nimekuvua nguo mbele ya watu ukiwa huna uwezo wa kujifunika. Hakuna khiyana kubwa kuliko hiyo kwa mwosha. Nisiposema, Jumatatu wanamfunga mwanao. Nikakuomba unioneshe hata ndoto. Hukuja. Ulikuwa na tabia hiyo hiyo ukiwa hai, jambo zito unaniachia mimi niamue halafu unalalamika.

Jumapili baada ya alasiri tukakaa. Bi Mkubwa kwenye kiti chake, Kassim mlangoni ananuka pombe, shangazi zako wawili kutoka Kigamboni mkekani. Salma hakuitwa, ila pazia la chumbani lilikuwa linatikisika na upepo haukuwepo. Kassim akaanza kupanga safari, nani atashika miguu, nani atashika mikono. Aliposema "atashika mikono" nikasikia mdomo wangu umeshafunguka.

Nikasema, "Rehema naye alikuwa nayo."

Wakanigeukia. Nikasema tena, polepole, ili nisipate nafasi ya kurudi nyuma. "Makovu. Mikono yote miwili. Nimeyaona mimi mwenyewe nikimwosha. Huyo mnayesema alikuwa nuru ya mtaa huu, huyo aliyewalisha nyote humu ndani. Basi semeni na yeye alikuwa na shetani. Semeni angefungwa miguu."

Kassim akanyanyuka, akaniita mchawi. Akasema ninamtukana marehemu. Shangazi mmoja akaanza kulia, mwingine akasema "astaghfirullah" mara nyingi bila kupumua. Mimi nilikuwa nakusubiri wewe, sijui nilitegemea nini, labda paa lishuke. Nikamwambia Kassim, "Wewe unalala barabarani tunasema ni majonzi. Mtoto huyu majonzi yake yana tofauti gani na yako, ila kwamba yeye hanuki?" Akanyanyua mkono. Nilijua atanipiga, na sikusogea.

Mama yako ndiye aliyesema, "Kaa chini, Kassim."

Halafu akasema jambo ambalo sijui kama ulilijua. Alikuwa anaangalia mikono yake, ile yenye vidole vilivyopinda kwa sababu ya cherehani. Akasema, "Nilijua. Alikuwa na miaka kumi na tano. Nilimchapa. Nikamwambia akinitia aibu tena nitamrudisha kwa baba yake. Halafu nikakaa kwenye cherehani, magauni yake yote nikayatoa mikono mifupi nikayashonea mirefu. Nikasema imeisha." Akavisugua vidole vile. "Sikuwahi kumuuliza tena. Miaka yote ile. Nilikuwa nikiona mikono imefunika, nasema imeisha."

Kassim akakaa chini sakafuni, Rehema, akashika kichwa. Mama yako ndiye fundi wa mikono yako ya kwanza, na mimi nikawa muuzaji wa iliyofuata. Tulikuvalisha kwa zamu tukidhani tunakutunza.

Pazia likafunguka. Salma akatoka, amevaa fulana tu, mikono iko wazi. Shangazi mmoja akageuza uso ukutani. Mimi nikajilazimisha nisigeuze. Mtoto hakuwaangalia wao. Aliniangalia mimi, akauliza kwa sauti ndogo, "Ma'mdogo. Aliacha?"

Nilijiandaa kwa kila swali isipokuwa hilo. Nilidhani atauliza kwa nini, au ataniita muongo. Aliacha? Na nikagundua kwamba katika dunia nzima hakuna mtu mwingine anayeweza kumjibu. Bi Mkubwa hawezi, alifunika akaacha kuangalia. Bi Zaituni hawezi, yeye hakuona kitu. Ni mimi, kwa sababu nilipitisha kitambaa pale, na vidole vyangu vinakumbuka.

Nikamwambia, "Aliacha. Yote yalikuwa ya zamani. Yamepauka, yamelala, hakuna hata moja bichi. Nimeosha watu miaka kumi na miwili, naijua ngozi iliyopona. Mama yako alipona, Salma."

Akaniuliza, "Alifanyaje?"

Ndiyo hapo, shoga yangu, nikakuelewa kwa mara ya kwanza. "Twende tukazunguke." Miaka yote ile. Mteja amekutukana, mume amekuacha, meza imevunjwa na mgambo, unasimama, unasema twende tukazunguke, tunakwenda mpaka Mnazi Mmoja, tunauzunguka ule uwanja, raundi ya kwanza husemi, ya pili husemi, ya tatu unaniambia, "Haya, turudi." Na mimi nyuma yako nalalamika, magoti yangu, viatu vyangu, wateja wangu. Nilidhani unataka kupunguza mwili. Kumbe ulikuwa unatembea mpaka ipite, na hukutaka kutembea peke yako. Hukuniambia ni nini kinakufukuza. Ungeniambiaje, na mdomo wangu huu. Lakini uliniita kila mara, na mimi kwa kulalamika kwangu kote nilikwenda kila mara. Hilo tu ndilo linalonifariji katika habari yote hii.

Nikamwambia Salma, "Alikuwa anaomba mtu atembee naye." Akalia, Rehema. Bi Mkubwa akanyanyuka kwa shida akamshika ile mikono, bila kuifunika, akasema, "Nisamehe, mama." Sikujua anamwambia Salma au anakuambia wewe.

Jumatatu haikuwa safari. Tulikwenda kliniki, mimi na Bi Mkubwa na mtoto. Nesi alitupokea bila kushangaa, na hilo lilinishangaza. Alimwambia Salma kwamba si wa kwanza na si mwendawazimu, ni maumivu yaliyokosa mlango, na wataongea kila Jumatano. Halafu akanigeukia mimi akauliza, "Na wewe mama, mbona macho meupe?" Nikamwambia habari za udongo. Hakucheka. Nimepunguza, sitakudanganya nikasema nimeacha.

Usidhani mambo yamekuwa matamu. Bi Zaituni ametimiza neno lake. Juzi kulikuwa na msiba kule mtaa wa Gerezani, nilikwenda na ndoo yangu, nikaambiwa tumetosha. Hapa mtaani wamesikia, na wapo wanaopita mezani wakinong'ona kwamba ndiye huyu aliyemvua marehemu. Mwanamke mmoja ameniambia wazi kwamba akifa asioshwe na mimi. Limeniuma, maana ile kazi niliipenda na niliifanya kwa moyo. Anaweza kuwa ana haki. Mambo mawili yalikuwa ya kweli kwa pamoja, na mimi nilikuwa na mdomo mmoja.

Kassim hasemi na mimi, ila juzi alimsindikiza Salma mpaka mlangoni kwa nesi, akakaa nje kwenye benchi mpaka akatoka. Pombe bado. Nesi amemwambia benchi lile linaweza kuwa la kwake pia.

Na Salma ana siku mbaya. Jumanne alikuja amevaa ile mikono niliyompa, sikumuuliza mbele za watu. Jana pia alikuja nayo. Akakaa kwenye kigoda chako, akaanza kupanga rangi, akazipangua, akaanza tena. Nilikuwa na mteja kutoka nchini Kongo, anataka dazeni nne, tumeshaelewana, na mimi nimeshaanza kufungasha. Mtoto akasimama. Hakuniangalia. Akasema, "Ma'mdogo, twende tukazunguke."

Nikamwachia mteja mzigo wazi. Tukaenda. Raundi ya kwanza hakusema, ya pili hakusema. Magoti yaliniuma na nilinyamaza, kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilinyamaza. Ya tatu aliendelea. Ya nne aliendelea. Katikati ya tano, kwenye ule upande wenye kivuli, akaivuta mikono ile akaivua, akaikunja, akaitia kwenye mkoba wa shule. Akasema, "Joto." Nikasema, "Kweli joto."

Basi wanaume wanatoka msikitini, wateja wanaanza kurudi na inabidi nikunje karatasi. Wewe hukuniomba ahadi, uliondoka asubuhi moja bila kuaga. Nakupa hata hivyo. Akisema twende, nitakwenda, nikiwa na mteja, nikiwa na homa, nikiwa na magoti haya. Na kama hasemi nitamuuliza, kwa sababu wewe sikukuuliza. Mengine utanihukumu tukionana.

Pumzika, Rehema. Mikono yako ilikuwa imepona. Nimewaambia.

Shoga yako, ukiridhia,
Tatu